Kinyozi wa Manispaa

Mjomba wangu hajawahi kumnyoa mtu hata mmoja, lakini mtaa mzima unamwita Kinyozi. Jina hilo alipewa na wauza mboga wa sokoni. Walikuwa wakimwona asubuhi akipita na fyekeo begani, vibarua wa manispaa wakimfuata nyuma, na jioni wakifunga biashara wanakuta kando za barabara zimepunguzwa hadi udongo unachungulia. "Leo Kinyozi kapita," wakasema. Yeye akasikia, akalipokea jina kama mtu aliyekaribishwa kiti.

Alilistahili. Nyasi alizozifyeka yeye zilikuwa sawa kama meza. Akimaliza kipande alirudi nyuma kidogo, akafumba jicho moja, akatazama. Akiona jani moja limesimama peke yake alilirudia, huku akinung'unika kwamba watu watadhani amepita mbuzi. Fyekeo lake halikushikwa na mtu mwingine. Alilinoa kwa tupa kila jioni mlangoni pake, akalipaka mafuta machafu ya gari, akalifunga kwenye gunia na kulisimamisha nyuma ya mlango. Mkewe alizoea kusema kwamba nyumba ile ina wake wawili, na mmoja hapiki.

Kazini alikuwa nyapara wa wafyekaji. Yeye ndiye aliyegawa maeneo asubuhi, yeye ndiye aliyejua nani ana mgongo mbovu na nani ameamka na ugomvi wa nyumbani. Lakini unyapara wenyewe ulikuwa wa mdomo tu. Kwa manispaa alikuwa kibarua kama wengine, wa kuandikwa leo na kufutwa kesho, na alikuwa hivyo tangu mimi sijazaliwa. Mwaka mmoja jiwe liliruka kutoka kwenye fyekeo likampasua ugoko wa mguu. Alilala ndani mpaka kidonda kikafunga, na kwa muda wote huo manispaa haikumjua. Kibarua asiyefika kazini hahesabiki. Mkewe aliuza cherehani yake ndipo wakala. Tangu hapo, ukimuuliza mjomba anataka nini duniani, alikuwa na jibu moja:

"Nataka na mimi siku moja niugue kihalali."

Watu walicheka. Mimi mwenyewe nilicheka mara ya kwanza. Kisha nikakaa nikalifikiria lile neno, na mpaka leo likinijia linanichoma. Mtu ameusafisha mji mzima kwa mikono yake, na ndoto yake kubwa ni ruhusa ya kulala kitandani akiwa na homa.

Sasa kuna habari ya kijito. Kinapita nyuma ya soko, kinateremka bondeni, na nyumba ya kwanza kukipokea kikifura ni ya mama yangu, dada yake Kinyozi. Kiangazi unaweza kukidharau. Unakiruka bila kupandisha suruali. Mvua zikishika kinakuja kimebeba matairi mabovu. Kwa mama, alama ya tope bado ipo ukutani, juu kidogo ya usawa wa godoro, na miguu ya kitanda chake imepandishwa juu ya matofali, mpaka akitaka kulala inabidi apande kama anayepanda lori.

Mafuriko makubwa ya mwisho ndiyo yaliyotukusanya. Kikundi chetu cha mazingira kilianza na majirani wenye hasira na majembe, basi. Mwenyekiti wetu ni mkunga mstaafu, mama mnene asiye na haraka, aliyewapokea nusu ya watu wa mtaa huu walipokuja duniani, na kwa sababu hiyo hamwogopi yeyote kati yao. Mtu akijitutumua mkutanoni, humwambia, "Keti, baba. Mimi nilikuona kabla hujavaa suruali." Yeye ndiye aliyetupeleka manispaa, ghorofa ya juu, ofisi ya mazingira, mara nyingi mpaka walinzi wakaacha kutuuliza tunakwenda wapi.

Mwishowe tukaelewana. Ukingo uliofyekwa hadi udongo hauna cha kuyashika maji. Mizizi ndiyo inayoshika. Kwa hiyo sisi tutapanda matete na majani marefu kuanzia soko hadi bondeni, tutayalinda na kuzoa taka. Manispaa nayo itaacha kufyeka pale na itazuia malori yasimwage kifusi. Mstahiki Meya alitia saini, akapiga picha, akasema mji wetu sasa uko miongoni mwa miji inayojiandaa na hali ya hewa inayobadilika.

Tulipoita mkutano kuwasomea watu makubaliano hayo, Kinyozi alikuja kwa sababu dada yake alimwamuru. Alikaa nyuma, kofia juu ya goti. Mkunga alipofika kwenye neno la kuacha kufyeka, akanyoosha mkono.

"Samahani, mama. Yaani mnataka niache kunyoa?"

"Pale tu, mwanangu. Kwingine nyoa mpaka uchoke."

"Na watu wakiniuliza?"

"Waambie mteja ameamua kufuga."

Watu waliangua kicheko, naye akacheka, lakini nilimwona alivyoikunja ile kofia. Siku za kupanda alikuja, akachimba kuwashinda vijana. Ila matete yalipoanza kurefuka akawa anapita pale ameinamisha uso, kama mtu anayepita mbele ya nyumba alikoposa akakataliwa. Wauza mboga hawakumhurumia.

"Kinyozi! Mteja wako huyu mbona anazurura hivi, hana ndugu?"

"Kinyozi kazeeka jamani, mkono umekufa ganzi!"

"Mtoto wa watu anakuza nywele asuke," alijibu bila kusimama, "nyie mnapiga kelele. Wivu tu."

Misimu miwili ya mvua ikapita, matete yakampita mtu mzima kimo. Maji yalipanda, yakaingia katikati ya mashina, yakapungua kiburi, yakashuka. Kwa mama yalifika kizingitini yakarudi. Na mjomba akaanza tabia mpya. Jumapili, badala ya kukaa barazani, alishuka kijitoni na mti mrefu kuopoa mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye matete. Hakumwambia mtu. Aliyesema ni mkewe, akilalamika kwamba sasa wake wamekuwa watatu.

Kisha yakaja mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, manispaa ilitangaza kwamba itawachukua baadhi ya vibarua wa usafi kwa ajira ya kudumu, na kila mtu alijua kuwa Kinyozi ndiye wa kwanza. Pili, kulikuwa na wageni: viongozi wa miji mingine waliosikia habari za makubaliano yetu, wanaotaka kuja kuziona kingo za kijito kwa macho yao.

Walioalika ni ghorofa ya juu. Ghorofa ya chini, idara ya afya na usafi, iliambiwa tu kwamba wageni wanakuja na watapita njia ya soko. Ghorofa hizi mbili zinatumia ngazi moja na choo kimoja, ila hazisalimiani. Hivyo Bwana Afya, mkuu wa usafi, alifanya kile ambacho idara yake hufanya kila mgeni anapotajwa: akaamuru kila kinachoota kando ya njia kifyekwe. Kwetu sisi mgeni haingii mpaka mji uwe na upara; ndiyo heshima tunayoijua. Wageni walikuwa wanakuja kutazama majani, na agizo lilikuwa majani yaondolewe kabla hawajafika.

Nilikuwepo asubuhi ya agizo hilo kwenye uwanja wa stoo ya manispaa, nimemfuata mjomba kuchukua toroli la kikundi. Vibarua walikuwa wamekaa kwenye mbao wakinoa. Bwana Afya ni mtu wa makamo, mpole, mwenye viatu vinavyong'aa na wasiwasi usiomtoka usoni. Alimvuta mjomba kando ya kontena la vifaa. Mimi hakunivuta, lakini nami sikusogea.

"Kinyozi, mzee wangu, kazi unaijua. Kuanzia soko mpaka bondeni. Wageni ni kesho, nataka pang'ae."

"Barabara tutaing'arisha, mkuu. Ila kijitoni kuna yale matete ya makubaliano. Wageni wenyewe wanakuja kuyaona yale."

"Nani kakwambia?"

"Kikundi. Na watu wa juu."

"Watu wa juu wana yao. Mazingira ni mazingira, usafi ni usafi. Nyoka akitoka mle akamuuma mgeni, ataulizwa nani? Si mimi?"

"Ungepanda tu ngazi ukawauliza."

"Nipande nikaombe ruhusa ya kufanya kazi yangu?" Akashusha sauti, na hapo nikaona kwamba hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyebanwa. "Sikiliza. Majina ya ajira yako mezani kwangu. Lako nimeliweka juu kwa mkono wangu. Usinifanye nikaonekana nimependekeza mbishi. Kesho kabla hawajafika, nikute pamenyooka."

"Sawa, mkuu," mjomba akasema, kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa.

Nikapanda ngazi mwenyewe. Ofisi ya mazingira ilikuwa imefungwa. Wote walikuwa wamekwenda kuwapokea wageni. Nikampigia Mkunga, naye akampigia Meya, simu ikaita mpaka ikachoka.

Jioni tulikutana kwa mama. Nyumba yake ina vyumba viwili. Tulikaa kile anacholala, ndicho chenye nafasi, mjomba kwenye kigoda na mimi juu ya kile kitanda cha matofali, miguu ikining'inia. Mjomba alieleza yote. Mimi nilikuwa nimeshaandaa hotuba.

"Usifyeke, Mjomba. Wakikufukuza tutaandamana. Tutakwenda kwenye magazeti. Hawawezi kusaini kwa mkono huu na kuharibu kwa mkono ule!"

"Andamana na wewe," mama akanikata. "Ukirudi na njaa uwaombe hao wa magazeti wakupikie. Kaka, fyeka."

Sote wawili tukamgeukia.

"Dada, nyumba ni yako," mjomba akasema. "Mvua ziko njiani. Yale yakiondoka, maji yanaingia humu ndani."

"Yaingie. Tunajuana. Matete yana mizizi, yataota tena. Ajira haioti. Umeingoja umri wote huu, leo uikose kwa ajili ya majani? Mguu ule nilikuosha mimi. Na wifi yangu nilimwona alivyoibeba ile cherehani kichwani, hatazami kushoto wala kulia. Fyeka, kaka. Mimi nitapanda kitandani kwangu nikae mpaka maji yatoke."

Hotuba zangu zote zilikuwa za kupigana na watu wabaya. Sikuwa na hata moja ya kumjibu mama yangu. Mjomba aliitazama ile alama ya tope ukutani, kisha akainuka, akasema chai ilikuwa tamu, ingawa hakuigusa.

"Kwa hiyo umeamua nini?" nikamuuliza nje.

"Msomi," akasema, "niache nikanoe."

Kesho yake kulipambazuka na mawingu. Wanachama wa kikundi tulishafika kijitoni, Mkunga mbele yetu amejifunga mtandio kama mtu aliyekuja kwenye ugomvi. Wauza mboga nao waliacha meza zao. Kinyozi akaja na kundi lake, fyekeo linameremeta. Pembeni yake alikuwa Kasi, mfyekaji aliyemfundisha mwenyewe, jamaa mwenye mikono mirefu anayefanya kazi kama anafukuzwa. Hakutusalimia. Alitema mate viganjani, akainua, akapiga.

Matete ya kwanza yalianguka. Mkunga akafumba macho. Mimi nilisonga mbele, mtu akanishika shati.

Akapiga tena, na tena, akitembea sambamba na njia. Kasi na wenzake wakamfuata. Ilichukua muda ndipo tukaelewa. Hakuwa anaingia ndani. Alikuwa anakata ukanda mwembamba tu kando ya njia, upana wa kitanda, kutoka sokoni kuelekea bondeni, na nyuma ya ukanda ule matete yalibaki yamesimama kama ukuta, ukingo wake umenyooka utadhani umepigwa kwa rula. Walipofika mwisho, alirudi nyuma, akafumba jicho moja.

"Hapo hapo. Tumemaliza."

"Na huku ndani, mzee?" Kasi akauliza.

"Nimesema tumemaliza."

Bwana Afya alifika akihema, viatu vimeng'arishwa upya. Alitazama juu, akatazama chini.

"Kinyozi, nini hiki? Umenyoa pembeni tu!"

"Ndiyo mtindo wa siku hizi, mkuu. Mteja kasema juu paachwe."

Vibarua walicheka, na walipouona uso wa Bwana Afya wakakimeza kicheko. Mjomba naye akaacha mzaha. Akaweka fyekeo chini.

"Mkuu, nyasi za mji huu nimezikata zote na sijawahi kukukatalia hata siku moja. Hizi sizikati. Bondeni pale anakaa dada yangu. Jina langu litoe, nimeshakubali."

Sijui kama nimewahi kusikia mtu akitupa kitu kikubwa hivyo kwa maneno machache hivyo. Bwana Afya akamgeukia Kasi.

"Kata wewe."

Kasi alilitazama fyekeo lake kama analiona kwa mara ya kwanza. "Langu butu, mkuu."

"Wewe!"

"Langu mpini umelegea, mkuu."

"Mimi naumwa bega," akasema wa tatu kabla hajaulizwa.

Ndipo Bwana Afya alipofanya alichofanya. Alilinyakua fyekeo la Kasi, akauvuka ule ukanda, akajitoma kwenye matete na viatu vyake. Hatua ya pili tope likamshika. Akavuta mguu huu, ule ukazama. Akaegemea fyekeo, nalo likazama. Alibaki pale, tope magotini, matete yamemzunguka, na wakati huohuo tukasikia milango ya magari ikifungwa.

Wageni walishuka wakiongozwa na Mstahiki Meya. Mmoja wao, mama mfupi aliyevaa gambuti, meya wa huko kwao, alitangulia mpaka ukingoni. Aliyatazama matete, akamwona mtu mwenye tai katikati.

"Na huyu ndiye msimamizi?" akauliza.

Meya wetu ana sifa moja: hajawahi kuona mpira ukipita bila kuudaka. "Ndiye mkuu wetu wa usafi," akasema. "Huyu bwana hakai ofisini."

Wageni wakapiga makofi. Bwana Afya alitutazama sisi, akawatazama wao, akasafisha koo. "Tunakagua... tunakagua mizizi," akasema.

Mkunga alishikwa na kikohozi kirefu, mtandio mdomoni. Yule mama wa gambuti akauliza tena, huu ukingo safi lilikuwa wazo la nani? Kwao watu wanalalamika kwamba majani marefu yanaonekana kama mahali palipotelekezwa. Hapa mtu akipita anajua pametunzwa. Bwana Afya akamtafuta mjomba kwa macho. Mjomba alikuwa anayatazama mawingu.

"Ni utaratibu wa idara," Bwana Afya akasema.

Nilifungua mdomo. Mkunga akanikanyaga mguu, na uzito anao.

Baadaye nilimwendea mjomba. Nilitaka kwenda kusema ukweli mbele ya wageni, mbele ya Meya, mbele ya mji wote.

"Mwache," akaniambia. "Hukuona alivyopigwa picha? Mtu aliyepigwa picha na matete hawezi tena kuyafyeka. Amekuwa mlinzi wetu, na hajijui."

Kuhusu hilo alisema kweli. Ile picha Bwana Afya aliitundika ofisini, tope na yote, akaanza hata kupanda ngazi kwenda kuwasalimia watu wa juu. Mvua ziliponyesha alikuwa anapita kijitoni na mwavuli kuuliza kama matete yetu hayajambo. Yetu!

Lakini kuchekwa mbele ya vibarua wake hakukusahau. Siku ya kusoma majina alisimama kwenye uwanja wa stoo, akasoma la Kasi kwanza, ajira ya kudumu na unyapara juu yake. Akasoma mengine. Alipofika mwisho jina la mjomba halikusikika, na Bwana Afya aliendelea kuvitazama viatu vyake kana kwamba kuna jingine limeandikwa pale. Kasi alilia. Mjomba akampa mkono, akamwambia asiwaaibishe watu, akaenda kufyeka barabara ya kituo cha mabasi kama kibarua, kwa sababu ndiyo zamu aliyokuwa amejipangia. Jumapili ile hakushuka kijitoni.

Wageni walikuwa wamekwenda na sifa nzuri, na manispaa ikataka tuendelee na vijito vingine vya mji. Kabla ya kusaini tulikutana barazani kwa Mkunga, na pale tuligombana vibaya. Mimi nilisema tusisaini mpaka Kinyozi aajiriwe. Mwenzetu mmoja, fundi wa baiskeli, mtu mwema ambaye nyumba yake iko kando ya kijito cha pili, akanijibu bila kupepesa: "Yaani watoto wangu waogelee chumbani kwa ajili ya mjomba wako?" Sikumchukia. Alikuwa na haki ya kuuliza. Kazi za namna hii zinaumiza hapo: anayekuzuia mara nyingi si adui, ni jirani mwenye nyumba yenye unyevu.

Mkunga aliacha tupige kelele mpaka tukaishiwa. "Nimezalisha wanawake wengi," akasema. "Sijawahi kumwambia yeyote angoje kwa sababu yeye ni mmoja na wengine ni wengi. Na wewe fundi, huko kijitoni kwako atakayekataa kufyeka siku ya agizo ni nani, kama aliyekataa huku ameadhibiwa?"

Fundi alikuna kichwa. Akasema sawa, lakini tusikawie, mvua hazina huruma.

Ofisi ya Meya ina meza ndefu, maua ya plastiki, na feni inayogeuza shingo kama mwalimu anayesimamia mtihani. Mkunga alipewa kalamu. Akaifungua, akaisoma karatasi yote, akaifunga kalamu.

"Mstahiki, hapa hakuna anayefyeka."

"Kivipi, mama?"

"Kuna wanaopanda, kuna wanaosimamia, kuna wanaopiga picha. Mwenye fyekeo hayumo. Naye akiambiwa akate, kazi yetu yote inakwisha asubuhi moja. Namtaka mtu wenu wa kudumu kwenye kingo hizi, na namtaka Kinyozi."

"Mama, ajira ina taratibu zake."

"Na saini yangu ina taratibu zake. Ya leo ndiyo hii."

Bwana Afya akaanza kusema jambo kuhusu nidhamu. Mkunga akamgeukia taratibu. "Wewe ulikuja umetanguliza miguu. Mama yako alipata shida mpaka alfajiri, nami sikukuandikia utovu wa nidhamu."

Meya alicheka mpaka akashika meza. Bwana Afya naye, masikini, akacheka, uso umemwiva. Nadhani ndicho kicheko kilichotuokoa. Aliinama akanong'onezana na Meya, kisha akasema, bila kumtazama mjomba aliyekuwa amesimama nyuma yetu:

"Nafasi ya mfyekaji wa kawaida ipo. Ya kudumu. Unyapara umeshapata mtu."

Kila mtu mle ndani alielewa kinachoulizwa. Kuamka kila asubuhi na kupangiwa kazi na mtu uliyemfundisha kushika mpini. Nilitaka mjomba akatae, nilitaka atoke na kichwa juu, nasi tutoke nyuma yake tukiwa tumewaachia karatasi yao. Mkunga aliuliza tu, "Mwanangu, unasemaje?"

Mjomba alifikiri. Mikono ilikuwa inaikunja kofia.

"Nikiumwa?" akamuuliza Bwana Afya.

"Utalipwa. Kama mimi."

"Basi nitakuja."

Mkunga akafungua kalamu.

Asubuhi ya kwanza nilipita stoo makusudi, eti nimefuata toroli. Mjomba alikuwa amekaa kwenye mbao pamoja na wengine, mahali pa mwisho, ananoa. Kasi alisimama mbele yao, mikono yake mirefu haijui ikae wapi. Aligawa maeneo yote, akamruka mjomba, akarudia kugawa yale yale.

"Na mimi, nyapara?" mjomba akauliza.

"Mzee... kama hutajali... labda ungeona... barabara ya hospitali..."

"Sikusikii."

"Nasema kama unaweza..."

"Kasi, nyapara haombi."

"Nenda barabara ya hospitali!" Kasi akapaza sauti, ikamtoka kali kuliko alivyokusudia. Tupa zote zikasimama.

"Naam," mjomba akajibu. Akainuka, akaweka fyekeo begani, akatoka. Hakuwa amefika langoni Kasi alipomkimbilia kumpokea chupa yake ya maji. Mjomba akamfukuza kwa mkono, kama mtu anayefukuza kuku.

"Rudi kwa watu wako," akamwambia. "Wamekaa bure."